Orodha ya Makabidhiano

Majoho yalikuwa thelathini na mawili, na Mama Mwalimu alikuwa kwenye joho la kumi na tisa, mikono imezama povuni hadi viwikoni. Ukitaka kuwajua watu wa kwaya usihangaike na nyimbo zao. Fua kola zao. Ya mwimbaji wa solo ilikuwa na poda iliyogandana na jasho mpaka ikawa kama unga uliomwagikiwa maji. Ya yule baba wa sauti ya nne ilinuka tumbaku anayoapa kila mwaka kwamba ameiacha. Nyingine ilikuwa na doa la mchuzi, na mwenyewe alikuwa amelifunika kwa chaki. Miaka kumi na tisa Mama Mwalimu alizifua dhambi hizi ndogondogo kwa sabuni yake mwenyewe, wala hakuona kinyaa. Leo alikiona. Kila kola aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa panya mtegoni.

Maana majoho haya yalikuwa yanafuliwa ili kesho watu wayavae wakimuaga mume wake.

"Hodi hodi! Au nimeshaingia?"

Alikuwa ameshaingia. Mke wa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye wote walimwita Mama Mwenyekiti, alikuwa katikati ya ua akiruka michirizi ya povu kwa viatu vya kisigino, kwapani amebana furushi.

"Karibu, mama."

"Nimekaribia, mwenzangu. Ehe! Bado tu uko hapo? Na kesho saa nne watu wote wamekaa!"

"Mikono ni miwili, mama."

"Lakini ni mikono ya dhahabu hiyo. Nani atatufulia hivi ukishaondoka? Usiku nilimwambia mzee, nikamwambia, tunampoteza Mwalimu, haya, lakini huyu mke wake! Huyu ni pengo." Akalifungua furushi. "Na hivi ni vitambaa vya meza kuu. Vinne tu. Ukipitisha na pasi itakuwa vizuri."

Mama Mwalimu alivitazama vile vitambaa. Kimoja kilikuwa na alama ya mdomo wa mtu aliyejifutia mafuta ya nyama.

"Meza kuu atakaa nani?"

"Wazee. Na ninyi wenyewe, bila shaka, mtasogezewa viti pembeni." Mama Mwenyekiti akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu mwingine. "Halafu kuna jambo dogo, usinielewe vibaya. Mchango wako wa kuaga haujaonekana kwenye karatasi."

"Kumuaga nani?"

"Kumuaga Mwalimu!"

"Mwalimu yupi? Huyu wangu?"

"Mwenzangu, wanakwaya wote wamechanga, na wewe ni mwanakwaya. Nikikuruka wewe, kesho mwingine atauliza mbona yule hakutoa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kuaga, unataka waniseme?"

Mama Mwalimu alicheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi. Akajifuta mikono, akafungua fundo kwenye upindo wa nguo yake, akatoa noti aliyokuwa ameiweka ya kumnunulia binti yake soksi za shule mpya. Mama Mwenyekiti aliipokea kwa ncha za vidole, kwa kuwa ilikuwa imelowa.

"Mungu akuzidishie," alisema, akaondoka akiruka povu.

Ilikuwa wahame kesho hiyohiyo, mara ibada ikiisha. Nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa, waliyoingia kabla binti yao hajazaliwa, ilikuwa inageuzwa studio ya kurekodia albamu ya kwaya. Waliambiwa hivyo kwenye kikao, kwa upole sana, na baada ya kuambiwa waliombewa. Bahati ilikuwa kwamba shule moja mbali, mwendo wa usiku mzima kwa lori, ilikuwa inatafuta mwalimu wa muziki.

*

Katibu wa kanisa watu walimbatiza jina la Tutaliangalia. Paa la nyumba ya Mwalimu lilipovuja, alisema suala hilo tutaliangalia. Kinanda kilipokufa vibonyezo vitatu, tutaliangalia. Kwa miaka yote hiyo macho yake yalikuwa yanaangalia tu, hayajachoka. Alasiri hiyo alikuja na jalada, akakuta viti vimeshafungwa kamba, akakaa juu ya sanduku la vyombo. Vikombe vililia chini yake.

"Shemeji, pole na kazi. Mwalimu, sitakaa. Ni utaratibu tu. Mtumishi akiondoka anakabidhi, ninyi mnajua. Mbele ya waumini, kitu kimoja kimoja, nami nasoma, naye anatoa, watu wanapiga makofi. Mwenyekiti anataka safari hii iwe ya mfano."

"Ni vizuri," alisema Mwalimu. Alikuwa amesimama katika nyumba yake mwenyewe kama mgeni, mikono nyuma, na usoni ana lile tabasamu ambalo alikuwa akiwawekea wazee. Mke wake alilijua. Nyumbani hakuwa nalo.

Katibu alisoma. Moja, kinanda na kifuniko chake. Mbili, majoho thelathini na mawili, safi. Tatu, funguo za ukumbi. Nne, kabati la vyuma. Tano, ubao wa nota. Sita, saa ya mezani, mbovu.

"Saba, madaftari ya nyimbo, manne."

Mama Mwalimu aliacha kufunga sufuria.

"Madaftari gani, shemeji?"

"Si yale ya nyimbo?"

"Yale ni ya mume wangu."

"Ni ya kwaya, shemeji. Tuelewane. Nyimbo zile zimetungwa wapi? Hapa. Katika kazi gani? Ya kanisa. Na zimeandikwa kwenye karatasi za nani? Mimi mwenyewe nimemwona Mwalimu akiandika nyuma ya ratiba za ibada zilizobaki."

"Ratiba mlizokuwa mnazichoma jalalani."

"Hata kama. Karatasi ya kanisa, kinanda cha kanisa, muda wa kanisa."

"Na usingizi? Maana nyingine zilimjia usingizini, akaniamsha nimshikie taa. Nao usingizi ulikuwa wa kanisa?"

Katibu alikohoa. "Hilo tutaliangalia. Lakini Mwenyekiti amesema albamu itatoka na jina la kanisa, na mwalimu mpya atahitaji madaftari ili ajue pa kuanzia."

Mwalimu mpya alikuwa mpwa wa Mwenyekiti, kijana wa kufunga vipaza sauti aliyeitwa Fundi Spika. Alijua kuongeza sauti na kupunguza. Nota hakuzijua.

"Na barua?" aliuliza Mwalimu, polepole.

"Barua imeshapigwa chapa, ina muhuri na kila kitu. Iko kwenye droo ya Mwenyekiti. Vitu vikikamilika, barua hii hapa. Mkono kwa mkono."

Hapo ndipo mpini ulipokuwa. Mwalimu hakuwa na cheti. Muziki aliusoma peke yake, kwa chati ya nota iliyoachwa ukutani na mtu asiyemjua, do, re, mi, usiku na mchana mpaka zikaingia. Karatasi pekee duniani iliyoweza kusema kwamba yeye ni mwalimu wa kwaya ilikuwa hiyo barua, na mkuu wa ile shule alikuwa amesema wazi kwenye simu: Jumatatu asubuhi, na barua ya kanisa ulilotumikia. Bila barua asijisumbue.

"Hakuna shida, Katibu," alisema Mwalimu. "Yatakuwepo."

Vikombe vililia tena, Katibu akainuka, akaenda zake.

*

"Hakuna shida?" alisema Mama Mwalimu.

"Mama, sauti. Dirisha liko wazi."

"Acha liwe wazi. Hakuna shida, baba? Nyimbo mia na kumi na tatu, hakuna shida?"

"Nilizitunga ziimbwe. Zitaimbwa."

"Kwa jina la nani?"

"Kwa jina la Mungu."

"Mungu hajaomba daftari. Aliyeomba ni Mwenyekiti."

Mwalimu alikaa pale pale kwenye sanduku alipokuwa amekaa Katibu. Alikuwa mtu mrefu, na akikaa chini magoti yalimfikia kifuani.

"Wewe niambie tufanye nini. Lori limeshalipwa. Nyumba hii kesho si yetu. Mtoto anatakiwa darasani Jumanne. Nikisimama pale niseme madaftari sitoi, watanipigia makofi, watasema amina, na barua itabaki kwenye droo. Halafu twende wapi? Kwa mama yako?"

"Umejua lini habari hii?"

Mwalimu aliinama, akavuta fundo la kamba ya sanduku.

"Nakuuliza, umejua lini?"

"Tangu Jumapili iliyopita. Mwenyekiti aliniita."

"Wiki nzima! Na ukaniacha nifue."

Binti yao, msichana wa miaka kumi na minne aliyekuwa akifunga vitabu kwenye kona, aliinua kichwa, akakiinamisha tena.

Mama Mwalimu aliyatoa madaftari kwenye begi. Yalikuwa makubwa, ya jalada gumu, ameyanunua yeye. Mwandiko wa ndani pia ulikuwa wake, kwa sababu wa Mwalimu ulikuwa kama njia ya siafu, hausomeki hata na mwenyewe. Jioni baada ya jioni alinakili kutoka kwenye vile vipande vya ratiba: maneno chini, nota juu, sauti ya kwanza kwa wino wa buluu, ya pili kwa mwekundu. Ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro wa penseli wa mtoto wa miaka miwili, mduara wenye miguu. Mwalimu alikataa usifutwe, akausogeza wimbo chini. Ukurasa mwingine uliandikwa wiki walipomzika mama yake Mwalimu. Huo wino wake ulikuwa umevimba kwa maji.

Alifikiria kuyaficha chini ya magunia. Alifikiria kuyachoma. Mwisho aliyapanga juu ya meza, moja juu ya jingine, akayasawazisha kingo kwa kiganja.

"Chukua," alisema. "Lakini usiniambie hakuna shida. Niambie kwamba tunaibiwa, na kwamba wewe unaushika mlango. Hapo nitakuelewa."

Mwalimu alifumba macho. "Tunaibiwa," alisema.

"Haya."

Akarudi uani kupiga pasi majoho.

*

Mchungaji alikuwa safarini. Akiwa safarini kanisa lilikuwa la Mwenyekiti. Na akiwepo pia. Kwa hiyo Mwenyekiti ndiye aliyehubiri, akaomba, akatangaza, akajikaribisha mwenyewe kusema machache. Machache yakawa dakika hamsini. Fundi Spika alikuwa ameelekeza vipaza sauti viwili nje, ili mtaa mzima ujue kwamba kanisa linamuaga mtumishi wake.

"Mwalimu huyu!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Mwalimu huyu tumemtoa mbali! Alikuja hapa na suruali moja!"

Watu walicheka na kusema amina. Mwalimu, kwenye kiti cha pembeni, alitabasamu. Mama Mwalimu alizihesabu kichwani. Suruali zilikuwa mbili. Alikuwa amezifunga yeye.

"Leo anaondoka mtu mzima, mwenye mke na mtoto na sifa. Nani kamlea?"

"Kanisa!"

"Nani?"

"Kanisa!"

Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa akilia kwa uchungu, leso usoni. Huyu ndiye aliyekuwa akiulizia tangu mwezi uliopita kama masinki ya nyumba ile yatang'olewa, na kama yatang'olewa yatauzwa bei gani.

Kisha yakaja makabidhiano. Katibu alisoma, Mwalimu akatoa, watu wakapiga makofi. Kinanda, makofi. Kwa majoho, ambayo watu walikuwa wameyavaa, walijipigia makofi wenyewe. Saa ya mezani mbovu ilipewa makofi marefu, kwa sababu Fundi Spika aliinyanyua juu kama kombe la mpira.

"Saba. Madaftari ya nyimbo, manne."

Mwalimu aliyabeba kwa mikono miwili. Alitembea hatua nane hivi. Mke wake alimwona akisita mara moja tu, kidole gumba kikipapasa jalada la juu, halafu mikono ikawa mitupu. Mwenyekiti aliyapokea bila kuyatazama, akayapitisha kwa mpwa wake.

"Hizi sasa ni nyimbo za kanisa letu! Albamu yetu inatoka mwezi ujao, chini ya mwalimu wetu mpya. Kila nyumba inunue. Asiponunua ana lake jambo!"

Vigelegele. Zawadi ikafuata, imefungwa kwa karatasi ya kumetameta: saa ya ukutani. Katikati ya uso wa saa, nyuma ya mishale, palikuwa na picha ya Mwenyekiti akiwa na suti, na chini yake maneno "Tutakukumbuka Daima".

"Sasa neno la familia," alisema Katibu, na kabla Mama Mwalimu hajasimama sawasawa alishtukia kipaza sauti kiko mkono wa kulia na karatasi iko wa kushoto. Karatasi ilikuwa imechapwa.

"Nini hiki, shemeji?"

"Shukrani zenu. Kamati imewaandikia, msipate taabu."

Aliitazama ile karatasi. Akamtazama mume wake. Mwalimu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiutazama mfuko wa koti la Mwenyekiti, ambako kona ya bahasha nyeupe ilikuwa imechungulia.

Akasoma. "Sisi familia ya Mwalimu tunalishukuru kanisa kwa malezi, makazi na mapendo. Tunakiri kwamba tumepewa kuliko tulivyotoa. Tunaomba radhi kwa pale tulipokosea." Alisoma moja kwa moja, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma namba za mita ya maji. Alipomaliza watu walisema amina, na Mama Mwenyekiti alikuja kumkumbatia. Alinukia marashi, na joho lake lilinukia sabuni ya Mama Mwalimu.

Bahasha ikatoka mfukoni. Makofi ya mwisho. Mwalimu aliipokea akiwa ameinama.

*

Chakula kilikuwa ukumbini, na lori lilikuwa nje.

"Mle kwanza," walisema watu, wakijisukuma mlangoni bila kusubiri jibu. Dereva wa lori, mwanamume mnene aliyekuwa ameshalala kwenye usukani mara mbili, alisema wakichelewa atadai siku ya pili. Mwalimu akapanda juu ya mizigo kukaza kamba. Bahasha alimpa mke wake aitunze.

Ilikuwa imebandikwa kwa gundi nyingi kuliko ilivyohitaji. Labda gundi ndiyo iliyomtia shaka. Aliipasua kwa ufunguo wa sanduku, akasoma akiwa amesimama kando ya gurudumu.

*Kwa yeyote anayehusika. Mtajwa amekuwa akishiriki katika kwaya yetu kama mwanakwaya wa kujitolea. Hakuwa mwajiriwa wa kanisa. Ni mtu mtulivu. Tunapenda kufahamisha kwamba nyimbo zote alizowahi kufundisha ni mali ya kanisa hili, na haruhusiwi kuzitumia mahali pengine bila kibali cha maandishi cha Mwenyekiti.*

Muhuri ulikuwa mzuri, wa buluu, umekaa sawasawa.

Alisoma mara ya pili, midomo ikicheza. Wa kujitolea. Mtu mtulivu. Miaka kumi na tisa, na palipofika pa kuandika mwaka hawakuandika hata mmoja.

"Mama, nini?" aliuliza binti yake.

"Kaa na mizigo."

Ukumbini hewa ilikuwa nzito kwa mvuke wa wali na nyama. Majoho yalikuwa yameshapandishwa mikono. Kola tayari zilikuwa na mchuzi. Kwenye meza kuu, juu ya kitambaa alichokipiga pasi, wazee walikuwa wameinamia sahani. Madaftari matatu yalikuwa kwenye kiti kitupu, Fundi Spika ameyawekea nyaya zake juu. La nne lilikuwa mezani, katikati, na juu yake palikuwa na chupa kubwa ya chai, inayovuja. Duara la maji ya kahawia lilikuwa limeshaingia kwenye jalada.

Hakupiga kelele. Aliinyanyua chupa, akalichukua daftari, akalifuta kwa upande wa gauni lake. Halafu akaziondoa zile nyaya, akayachukua na yale matatu.

"Mama Mwalimu," alisema Mwenyekiti huku akitafuna. "Umekula?"

"Bado. Nimekuja kuchukua vyetu."

"Vipi? Hivyo vimeshakabidhiwa. Watu wote mashahidi."

"Mlisema barua ya mwalimu kwa madaftari. Mmetupa barua ya mtu aliyekuwa akipita njia." Aliiweka barua mezani. "Someni. Someni kwa kipaza sauti, kama mlivyonisomesha mimi."

Vijiko vilisimama. Yule mama aliyelia kanisani alikuwa na mfupa mdomoni, akauacha hapo. Mtu wa tumbaku alikuta kitu cha kuangalia ndani ya kikombe chake. Watu thelathini waliofundishwa kuvuta pumzi na mume wake, na hakuna hata mmoja aliyezitoa.

"Shemeji," Katibu alianza, "suala hilo..."

"Usiliangalie! Hili usiliangalie, shemeji. Pumzisha macho."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Mwenyekiti alijifuta mdomo kwa kitambaa cha meza. Sasa alikuwa akitazama mlangoni, ambako Mwalimu alikuwa amesimama, kamba mkononi, anahema.

"Mwalimu, afadhali umekuja. Mke wako amechoka na safari. Mwambie arudishe mali ya kanisa, tuagane vizuri. Nisingependa kuupigia simu ule uongozi wa shule."

Mwalimu alisogea. Tabasamu lile lilikuwepo. Mke wake aliliona, akayabana madaftari kifuani. Alijua mikono ile mirefu ikiyataka hataweza kushindana nayo. Na kama mwanamume huyu angeyachukua sasa na kuyarudisha chini ya chupa ya chai, asingelia wala asingegomba. Angepanda lori akae huko nyuma na magunia, na huko nyuma angebaki.

Mwalimu aliichukua barua. Aliisoma polepole, kama alivyokuwa akisoma nota ngeni, kichwa kikipiga mapigo. Alipofika mwisho alirudia mwanzo. Na katika kurudia, tabasamu lilitoka, kidogo kidogo, kama rangi inayobanduka ukutani, na chini yake palikuwa na uso ambao wale wazee hawakuwahi kuuona.

Aliikunja barua mara mbili. Akaiweka mezani pale lilipokuwa daftari, akaiweka chupa ya chai juu yake.

"Isiunguze kitambaa," alisema. "Mke wangu alikipiga pasi."

Akamshika mkewe kiwiko, wakatoka. Kabla hawajafika mlangoni vijiko vilikuwa vimeanza tena, kimoja, viwili, halafu vyote.

*

Walibanana wanne kwenye kibanda cha lori: dereva, Mwalimu, binti, na Mama Mwalimu dirishani, madaftari mapajani. Hakuna aliyesema kitu kuhusu Jumatatu. Jumatatu ilikuwa imekaa nao humo humo, mtu wa tano.

Dereva alipowasha injini Katibu alitokea ukumbini akikimbia, jalada kwapani, mkono juu.

"Ngojeni! Mwalimu! Ngojeni!"

"Anakuja kuomba radhi," alisema binti.

Mwalimu aliinama mbele, akipita juu ya mtoto na mke, akateremsha kioo mwenyewe. Mama Mwalimu aliona jinsi shingo yake ilivyonyooka kwa matumaini, ikamuuma kuliko barua.

"Mwalimu," Katibu alisema akihema. "Ufunguo wa choo cha wanakwaya. Haupo kwenye orodha. Nadhani umebaki kwako."

Mwalimu alirudi kwenye kiti chake. Halafu akajipapasa mfukoni, akautoa, ukining'inia kwenye kipande cha waya.

"Ndio huu."

"Ahsante. Saini hapa, tafadhali. Na hapa." Mwalimu aliposaini, Katibu aliipokea kalamu, akaandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri: *ufunguo mmoja, umepokelewa ukiwa katika hali nzuri.* "Haya, shemeji, safari njema. Mungu awatangulie."

Akarudi ndani kwa haraka, maana chakula kilikuwa kinapungua.

Lori lilitoka. Dereva alikata kona ya kwanza, akatazama kwenye kioo cha pembeni, akatikisa kichwa.

"Mimi sielewi," alisema. "Tangu asubuhi spika zinapiga kelele, tunamuaga, tunamuaga, nikajua leo nitawabeba watu wakubwa. Mbona hata mmoja hakutoka kuwapungia mkono?"

"Wanakula," alisema Mama Mwalimu.